Waya wa Nusu Mita

Jumatatu, 16 Juni

Zamda kaja. Nilikuwa juu ya ngazi natundika chaja za simu, misumari minne mdomoni, hivyo salamu yangu ilitoka kama ya mtu anayesukutua. Akacheka. Miezi minane nimekuwa nikipanga siku atakayorudi dukani itakuwaje. Hakuna mpango hata mmoja uliokuwa na misumari.

Miezi minane, kwa sababu chaja ya simu niliyomuuzia mara ya mwisho bado nzima. Hilo ndilo tatizo la kuuza orijino. Wanaouza feki wanaonana na wateja wao kila wiki.

Ni mhasibu wa kampuni ya kusafirisha mizigo, anakaa Kigamboni, na amekuwa mteja wangu tangu natembeza nyaya begani pale Mnazi Mmoja. Leo kaweka mezani chaja ya laptop yake: tofali jeusi, waya mnene kama wa pasi upande huu, mwembamba upande ule, vyote vimefungwa kwa rababendi. Kasema, "Kaka Mrisho, bega langu limekwisha. Nitafutie kitu chepesi."

Kaka. Sawa.

Kisha akatoa habari yenyewe. Alhamisi ya wiki ijayo anaondoka. Kampuni inampeleka Moroni, Komoro, kwa mwaka mzima, na huko atakuwa anaruka kisiwa hadi kisiwa kukagua hesabu, laptop begani. Nikauliza ni mwaka wa kalenda au mwaka wa fedha. Akasema wa fedha. Sijui kwa nini nilitegemea wa fedha uwe mfupi.

Nikaenda kuazima mizani kwa muuza viungo ili asinione uso. Tofali na nyaya zake: gramu mia sita na kumi, na sasa linanukia iliki.

Nikamweleza. Laptop yake ina tundu la Type-C, kama la simu, kwa hiyo tofali halina kazi tena. Anachohitaji ni kichwa kidogo cha wati sitini na tano, waya, na adapta ya Komoro, maana soketi zao zinataka pini mbili za mviringo na zetu ni tatu bapa. Wati arobaini na tano zingewasha, lakini kwa kuchechemea. Umeme wao ni uleule, tofauti ni umbo tu. Nilieleza vizuri sana. Kwenye wati sina kigugumizi.

Vichwa vile vidogo sina. Lakini Kariakoo hatusemi sina. Tunasema, kaa hapo nakuletea kutoka stoo. Stoo yangu ni duka la Bhavin, ng'ambo ya korido. Hapa kila mtu stoo yake ni duka la mwenzake. Bhavin ana fremu nzima ya duka. Mimi nina nusu, nusu ya pili ni ya Candida wa soksi. Bhavin ana kiyoyozi na kaunta ya kioo. Bhavin kazaliwa ndani ya duka. Mimi nimezaliwa Kilwa Kivinje na duka nimelizaa mwenyewe. Na bado kila nikienda kuchukua kitu anasema, chukua bosi, utaleta ukiuza. Hata kunikatalia hajui. Inakera.

Nikarudi nahema. Kichwa: gramu mia na kumi na mbili. Zamda akakishika kiganjani kama kapewa kifaranga. Akasema hicho hicho. Akauliza waya uko wapi.

Waya ulikuwa unaning'inia karibu na sikio langu la kushoto. Urefu wa aina tatu. Nikafungua mdomo kusema chukua. Mdomo ukasema nyaya zinaingia kesho.

Candida alikohoa nyuma ya soksi zake.

Nimelipiga hesabu jambo hili jioni nzima na sioni kosa. Mteja akinunua kila kitu siku moja, harudi. Akinunua kichwa leo, waya kesho, adapta siku nyingine, anarudi. Ubora sijamdanganya. Nauza orijino. Nauza kwa mafungu tu, kama nyanya.

Jumanne, 17 Juni

Kaja. Mafungu yanafanya kazi.

Nilivaa shati la bluu. Candida kauliza nani kafa. Nikamwambia shati la bluu halivaliwi msibani. Kasema lile la kwangu yeye amelionea msibani tu.

Nikamwekea Zamda nyaya tatu mezani: nusu mita, mita moja, mita mbili. Nikamwonya kuhusu nyaya za simu, kwamba ukiubebesha mzigo wa laptop waya wa simu utapata joto na kazi itakwenda polepole. Zangu ni za wati mia, hazitikisiki. Halafu nikapendekeza wa nusu mita. Kwa msafiri, nikasema, kila gramu ni adui. Wa mita mbili gramu sitini na mbili, wa nusu mita gramu kumi na tisa. Namba hizo ni za kweli. Nilizipima.

Sikusema kwamba mtu mwenye waya wa nusu mita lazima siku moja atautaka wa mita moja, na aliyezoea mita moja atautaka wa mita mbili. Hizo ni safari mbili zaidi za kuja Kariakoo.

Candida akauliza kwa sauti kama kuna hoteli ambayo soketi iko nusu mita kutoka kitandani. Nikamwambia auze soksi.

Zamda aliuangalia ule waya kwa muda. Akauzungusha kwenye vidole viwili, ukaisha. Akasema, "Mfupi kweli." Kisha akaununua.

Akakaa. Nina kigoda kimoja cha mbao, nilikuwa nacho Mnazi Mmoja, mguu mmoja nimeupiga msumari mara mbili. Akakaa juu yake akanisimulia kwamba bibi mzaa mama yake alitoka Ngazija, kisiwa chenye huo mji wa Moroni, na kwamba hajui kama atapaona kwao au ugenini. Akauliza mbona mimi sisafiri. Nikasema nani atalinda duka. Akatazama duka. Ni hatua tatu. Akasema, "Kweli, kubwa."

Jaribio la pembeni: leo sikumwita dada hata mara moja. Nilitaka kuona kama nikiacha dada, na yeye ataacha kaka. Wakati wa kuaga kasema, "Haya, kaka yangu." Limeongezeka neno "yangu". Sijui kama ni faida au hasara.

Nimemwambia Alhamisi aje na laptop tujaribishe. Ndiyo desturi yetu, mali ikitoka dukani hairudi, basi lazima iwashwe mbele ya macho ya mnunuzi. Safari hii sikubuni kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Lazima niandike vizuri ya leo.

Soketi yangu iko moja, chini ya meza, upande wangu. Waya ni wa nusu mita. Laptop haikufika juu ya meza. Kwa hiyo Zamda alilazimika kuzunguka, kuleta kigoda upande wangu, na kukaa na laptop mapajani, bega lake hapa, langu hapa. Sikupanga. Nakiri mbele ya daftari langu mwenyewe kwamba sina akili ya kupanga kitu kizuri kiasi kile.

Tatizo: laptop ilikuja na asilimia themanini na nane. Chaja ya wati sitini na tano ingeimaliza haraka mno. Nikamwambia majaribio ya kweli ni mpaka mia. Kisha nikasema lazima tuipe mzigo, nikapandisha mwangaza wa kioo mpaka mwisho, nikafungua video mbili za mafundisho ya kuezeka paa, na nikamwomba afungue na mahesabu yake yote. Bado ikapanda. Sijawahi kuichukia bidhaa nzuri kama leo.

Aliongea. Anaogopa kula peke yake. Hilo ndilo linalomtisha Moroni, siyo ndege wala bosi mpya. Kwao Kigamboni wanakula watu saba kwenye sinia moja. Nikataka kusema kwamba mimi nakula peke yangu tangu nimehama Kilwa, na kwamba unazoea, isipokuwa jioni. Nikasema kwamba chaja ikipata vuguvugu wakati wa kazi asishtuke, ni kawaida.

Akaweka mkono juu ya kichwa cha chaja kuhakikisha. Akasema ni kweli, kina vuguvugu. Mkono akauacha hapo.

Asilimia tisini na tisa ilikaa muda mrefu. Huwa inakuwa hivyo, mwishoni chaja inapunguza kasi kulinda betri. Nimewauzia watu chaja miaka mingi na sijawahi kuishukuru tabia hiyo.

Kisha mia. Akachomoa. Akasema atarudi kwa ajili ya adapta.

Nimefunga duka mapema. Kigoda nimekiacha upande ule ule.

Ijumaa, 20 Juni

Nimesalitiwa.

Baada ya swala ya Ijumaa nikaenda kwa Bhavin, yaani stoo, kuchukua adapta ya Komoro ili niwe nayo tayari niseme sina. Bhavin kauliza ya nani. Nikasema ya mteja. Kasema ajabu, Komoro wiki hii wamekuwa wengi; Jumatatu jioni, yeye Bhavin anataka kufunga, kaja dada wa Kigamboni, mtandio wa kijani, mpole, anahesabu chenji kichwani kabla ya kikokotoo. Alikuwa na ripoti ya kumalizia usiku ule, laptop imezima, chaja ya zamani kaiacha ofisini, hawezi kungoja. Kanunua seti nzima ndani ya boksi. Kichwa, waya wa mita mbili, adapta, na kipochi.

Nikauliza mtandio wa kijani gani. Akanionyesha kwa kidole lebo ya dawa ya mbu. Kijani kile kile cha mtandio wa Zamda.

Halafu Bhavin akaongeza, bila kujua anamwongezea nani, kwamba yule dada aliomba mfuko wa karatasi usio na jina la duka, akauliza kama kuna njia ya kutokea nyuma.

Nimekaa na jambo hili hadi miguu imekufa ganzi. Jumatatu jioni alishakuwa na kila kitu. Jumanne akaja kununua kwangu waya asiouhitaji. Alhamisi akaja kujaribisha chaja ya pili huku ya kwanza iko nyumbani inafanya kazi. Kwa nini mtu mwenye waya wa mita mbili akae saa nzima kwenye waya wa nusu mita? Nimelijumlisha kutoka juu na kutoka chini. Halijumliki.

Candida kasema yeye anaona jibu kutoka alipokaa. Nikamwambia aseme. Kasema mtu akishanunua viatu na soksi kwingine, halafu anarudi kwako kila siku kuulizia kamba za viatu, huyo hana shida ya miguu.

Nikamwambia hapa tunazungumzia umeme.

Jibu nimelipata mwenyewe wakati naoga. Ni mhasibu. Ana mshahara. Anakwenda mahali ambapo chaja orijino ni adimu. Anataka kufungua duka la chaja Moroni, na mimi ndiye shule yake. Maswali yote yale. Kushika kichwa cha chaja kusikia vuguvugu. Na mimi nimefundisha bure, na nikampa kigoda.

Jumamosi, 21 Juni

Niliamua kuwa baridi.

Kaja saa za mchana na mkate wa kumimina, kaupika mwenyewe, umefungwa kwenye taulo la jikoni bado una moto. Kasema ni wa kunishukuru kwa majaribio. Nikasema asante kwa sauti niliyoiandaa, ile ninayowapa watu wa leseni. Akauliza adapta. Nikasema imeisha. Ilikuwa mfukoni mwangu, inanichoma paja.

Nilitegemea aseme basi nitauliza kwingine. Hakusema. Kasema, "Basi nitapita tena Jumatatu." Na wala hakuonekana mtu aliyepata hasara.

Nikamtega. Nikasema, kama kwa bahati tu, kwamba duka la Bhavin ng'ambo pale lina vitu vingi, pengine alishapita. Akawa anakunja pembe ya taulo. Kisha kasema polepole, "Bhavin ana bei nzuri. Lakini hana kigoda."

Candida akaangusha boksi zima la soksi za shule.

Zamda kaenda zake. Nimekula mkate wote nimesimama. Una iliki.

Hana kigoda. Maneno hayo nimekaa nayo tangu mchana na sasa yamefunguka. Mimi namwonea Bhavin wivu wa kiyoyozi, kumbe wateja wanachotaka ni mahali pa kukaa. Mhasibu kaniambia siri ya biashara yangu bila kutozwa. Pengine hata hilo duka la Moroni nilimsingizia.

Nanunua vigoda.

Jumatatu, 23 Juni

Vigoda vitano, vya plastiki, vyekundu. Na kimoja cha sita chenye mto, cha Zamda, nimekiweka upande wangu wa meza, nusu mita kamili kutoka kwenye soketi. Nimepima.

Hadi saa nne vyote vitano vimejaa. Hakuna aliyekuja kununua chaja. Kaja fundi viatu na rafiki zake, wakakaa, wakaanza kubishana mpira, watu wa Jangwani upande huu, wapinzani wao upande ule, na mmoja akaomba achomeke simu kwenye soketi yangu kwa sababu ubishi unahitaji ushahidi. Nikawaambia wanunue kitu. Mmoja akanunua soksi.

Zamda kaja kwenye kelele hizo. Nilimwona kabla hajaniona. Kavaa ule mtandio wa kijani. Akasimama kwenye korido akatazama vigoda vyote vile na wanaume juu yake. Fundi viatu alikuwa amekalia chenye mto. Nikamwambia ainuke, akaniuliza kwani hiki kina jina la mtu.

Zamda akasema hapana, mwache tu akae, atarudi Jumatano, siku yake ya mwisho mjini. Akatabasamu, lakini tabasamu la mtu aliyekuta nyumba imehamwa.

Nilidhani atafurahi kwamba nimefuata ushauri.

Candida kasema, "Mrisho baba, wewe ukipewa maji unauliza ni wati ngapi."

Jumatano, 25 Juni

Nimewatimua wote tangu asubuhi. Vigoda vitano nimevipandisha juu ya kabati. Nimerudisha kile cha mbao. Nimevaa shati la bluu, na safari hii Candida kanipangusia tu bega.

Sentensi nilikuwa nayo. Nimeiandaa toka juzi. Ilikuwa hivi: Zamda, mwaka ni mrefu, na mimi sitaki uwe unakuja kununua kitu. Nilijua ina kasoro mahali fulani lakini nilitegemea sauti itaisaidia.

Kaja. Kakaa. Katoa kwenye begi lile tofali la zamani, limefungwa kwa rababendi ileile. Kasema, "Nitunzie hili. Nikirudi nitalifuata." Nikamweleza kwamba halifai tena kwake, kwamba naweza kumtafutia mnunuzi. Kasema hataki liuzwe. Anataka liwe hapa. Nikachukua kalamu nikaandika jina lake kwenye karatasi nikalibandika juu. Nikauliza na namba ya simu niandike? Akasema, "Ya kwangu unayo." Ni kweli, ninayo. Naijua kwa kichwa.

Nikavuta pumzi ya ile sentensi. Nikasema, "Zamda."

Akasema, "Eeh?" Hakusema eeh kaka. Eeh tu.

Hapo ndipo akaingia bwana mmoja, mwalimu, jina lake Ansbert, ameshika chaja iliyoungua, anasema Bhavin kamwambia bei fulani na anataka kujua mimi nasemaje. Ningemwambia aende. Mtu mwenye akili timamu angemwambia aende. Lakini alisema Bhavin. Nikasema hebu nione. Nikatazama pini, nikatazama wati, nikamwonyesha kwamba waya wake ndio ulioua kichwa na siyo kichwa kuua waya, nikakimbia stoo, nikarudi, nikapunguza, akapunguza, nikapunguza tena mpaka nikauza bila faida yoyote, nikamshinda Bhavin kwa mali ya Bhavin.

Nikageuka. Kigoda kitupu. Candida kasema alisubiri sana, kisha akasema atachelewa pantoni ya kuvukia Kigamboni. Aliniachia salamu za kwaheri.

Adapta bado ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilikimbia. Kutoka Kariakoo mpaka Magogoni siyo mbali ukiwa na bodaboda, ila nilipata bodaboda aliyesimama kujaza mafuta. Nilimkuta ndani ya uzio, kwenye foleni inayosogea, begi begani. Nikaita. Akageuka, akaacha watu wampite, akaja mpaka kwenye vyuma. Nikampa adapta. Nilijua anayo. Yeye naye nadhani alijua kwamba najua. Akaipokea kwa mikono miwili.

Akauliza kiasi gani. Nikasema bure. Nimefanya biashara miaka kumi na mmoja na neno hilo sijui nililitoa wapi.

Akanitazama kupitia vile vyuma. Akauliza, "Hii tu, Mrisho? Hakuna kingine?"

Nikafikiri. Nikamwambia ina waranti ya miezi sita.

Akaitikia kwa kichwa. Geti likafunguliwa, watu wakasukumana, mtandio wa kijani ukaingia katikati ya ndoo na pikipiki. Nilisimama mpaka pantoni ilipofika ng'ambo na kuanza kurudi na watu wengine.

Alhamisi, 26 Juni

Ndege inapita juu ya Kariakoo mara nyingi kwa siku. Leo nimetoka nje kwa kila moja. Candida kasema Komoro siyo upande ule. Nikamwambia ndege huwa zinazunguka.

Nimelipima tena tofali. Gramu mia sita na kumi. Hakuna kilichopungua.

Jumanne, 8 Julai

Ujumbe. Umeingia wakati nauza, nikampa mteja chenji zaidi.

Nanakili kama ulivyo: "Mrisho, salama? Kichwa kinafanya kazi, na adapta naitumia yako, nyingine nimempa mwenzangu wa ofisini. Ila waya mfupi. Soketi iko mlangoni na mimi napenda kukaa dirishani, dirisha linatazama magharibi, huko mliko. Jioni nakula hapo. Nahitaji waya mrefu. Utamtuma mtu, au utauleta mwenyewe?"

Kwanza nimeona neno kaka halimo. Nadhani aliandika kwa haraka. Huko mtandao unasumbua, watu wanabana maneno.

Pili, waya wa mita mbili alionunua kwa Bhavin umepatwa na nini? Niliuliza swali hilo kwa sauti. Candida akaomba simu, akasoma ujumbe mara mbili, akavua miwani. Kasema, "Kesho asubuhi nenda kaombe pasipoti. Duka nitalitazama mimi, ni hatua tatu." Hata Bhavin, kaja kudai vichwa vyake viwili, akasomewa, akasema, "Bosi, nenda. Utaleta hela ukirudi."

Hawa ndio watu ninaofanya nao biashara. Waya wa mita mbili ni gramu sitini na mbili. Mimi ni kilo sabini na nane. Nani anasafirisha kilo sabini na nane ili kufikisha gramu sitini na mbili? Hesabu hiyo hata Zamda mwenyewe, akiwa kazini, angeikataa.

Nimeshapata njia. Shemeji yake Bhavin anakwenda Moroni Ijumaa, atabeba bure kwenye begi la mkononi. Waya wa mita mbili ninao, upo hapa juu ya daftari ninapoandika, mpya, orijino, wati mia. Ungefika dirishani na kubaki.

Ijumaa namtumia wa mita moja. Hautafika. Ataandika tena.